Watu 30 wa ukoo wako na bei ya kuwatafuta

Wazazi ni 2. Babu na nyanya ni 4. Waliowazaa hao ni 8, na waliowazaa hao 8 ni 16. Vizazi vinne, watu 30. Hesabu hii ni ileile kwa mtu wa Kitale, wa Bungoma na wa mji wowote mdogo wa Indiana, Marekani. Tofauti inaanzia kwenye swali linalofuata: kati ya hao 30, ni wangapi waliowahi kuandikwa mahali kwa majina yao, na kuyapata maandishi hayo kunakula shilingi ngapi?

Tumchukue msichana wa mfano, Mbukusu aliyezaliwa Kitale mwaka 1995, ambaye babu zake walitoka pande za Kimilili. Tukiweka miaka 27 kati ya kizazi na kizazi, wazazi wake walizaliwa karibu na 1968, babu na nyanya karibu na 1941, wa juu yao 1914, na wale 16 wa mwisho karibu na 1887. Sasa tuiweke sheria kando ya tarehe hizo. Kuandikisha kuzaliwa na kufa kulianza nchini Kenya mwaka 1904, kwa Wazungu na Wamarekani. Naam, Wamarekani walitajwa kwa jina lao. Mwafrika alianza kulazimika kuandikisha mtoto mwaka 1963, kwanza Nairobi, kisha wilaya baada ya wilaya, mpaka 1971 ndipo agizo likaenea nchi nzima. Wazazi wa msichana wetu wamo ukingoni. Wale 28 waliowatangulia, hakuna hata mmoja ambaye sheria ilimtaka aandikwe siku aliyozaliwa.

Ndiyo maana msaka nasaba wa Kitale hukumbana na jambo la ajabu. Familia ya mlowezi aliyepewa shamba Trans Nzoia baada ya Vita vya Kwanza, akakaa kizazi kimoja na kuondoka wakati wa uhuru, inaonekana wazi kwenye karatasi: cheti cha mtoto kuzaliwa, tangazo la kugawiwa ardhi, jina kwenye orodha ya wapiga kura wa Kizungu, tangazo la mirathi baba alipofariki. Familia ya Kibukusu iliyolima shamba hilohilo, ikazika watu wake humohumo na mpaka leo ingalipo, haina cheti hata kimoja cha kabla ya uhuru.

Haina vyeti, lakini si kwamba haikuandikwa kabisa. Iliandikwa pale ilipohitajika. Kodi ya kibanda ilihesabu vibanda, na kwa kuwa kila mke alikuwa na nyumba yake, mke aliingia kwenye daftari kama kibanda kimoja cha mumewe. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na kuanza kutumika baada ya vita. Ilimtaka kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea aandikishwe, apigwe alama za vidole, na atembee na karatasi yake ndani ya kijikasha cha chuma shingoni. Halafu kuna mkataba wa skwota. Sheria ya 1918 ilimdai mkaazi wa shamba la mzungu siku zisizopungua 180 za kazi kwa mwaka, na mkataba ukamtaja yeye kama kichwa cha boma. Mwanamke alianza kuandikishwa kitambulisho cha taifa kwa sheria ya 1978.

Turudi kwa wale 30. Nusu yao, yaani 15, ni wanawake. Wanne wa 1914, wakiwa walifariki kabla ya 1978, na wanane wa 1887, hawakuwahi kushika karatasi ya serikali yenye majina yao. Hao ni 12 kati ya 15. Wanaume wanne wa 1914 walifikia umri wa kipande karibu na 1930, kwa hiyo kuna uwezekano mzuri waliandikwa. Wanane wa 1887 walikuwa na miaka 30 na ushei kipande kilipoanza, nao huenda wamo. Kwa makadirio yangu, ukoo huu unaweza kuacha alama ya kiserikali kwa watu 18, na zaidi ya wawili kwa kila watatu kati ya hao ni wanaume.

Msomaji asidhani Marekani kila mtu ana mti wa ukoo uliokamilika. Wamarekani weusi wana ukuta wao, nao una tarehe: 1870. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kuwaandika waliokuwa watumwa kwa majina, pamoja na Wamarekani wengine. Kwenye sensa za 1850 na 1860 waliorodheshwa chini ya jina la mwenye kuwamiliki, kwa umri, jinsia na rangi ya ngozi tu. Mwanamke wa Bungoma aliyehesabiwa kama kibanda na mwanamke wa Mississippi aliyehesabiwa kama mstari usio na jina ni ndugu wa daftari moja.

Ila wenzetu wamefanya jambo kuhusu ukuta ule, na gharama yake inafundisha. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, shirika la serikali lililoitwa Freedmen's Bureau liliandika mikataba ya kazi, ndoa, migao ya chakula na malalamiko ya waliotoka utumwani. Makaratasi hayo yalikuwepo miaka yote, lakini bila faharasa ni nani angeyapekua? Mwaka 2015 ulianza mradi wa kuyanakili majina, na kufikia katikati ya 2016 wafanyakazi wa kujitolea zaidi ya 25,000 walikuwa wametoa majina karibu milioni 1.8. Gawanya: kila mmoja alinakili wastani wa majina 72. Hiyo ni kazi ya jioni chache. Anayetafuta leo halipi chochote, kwa sababu gharama ililipwa mapema na watu wengi, kidogo kidogo.

Mwenye mradi ule ni FamilySearch ya Utah, chombo cha kanisa la Wamormoni kilichoanza 1894 kama chama cha nasaba. Kina pango lililochongwa kwenye mlima wa mawe karibu na Salt Lake City, lenye mikrofilamu milioni 2.4 zilizokusanywa kutoka nchi nyingi. Mwaka 2021 kazi ya kuzigeuza kuwa picha za kompyuta ilikamilika. Kuzitazama ni bure. Mlipaji ni sadaka ya waumini, ambao wana sababu zao za kidini za kutaka kuwajua wafu. Upande wa biashara kuna Ancestry, iliyonunuliwa mwaka 2020 kwa dola bilioni 4.7. Sidhani kuna sekta nyingine duniani iliyopata utajiri wa namna hiyo kwa kumwuzia mtu jina la babu yake mwenyewe.

Na sensa? Marekani hufungua sensa nzima, jina kwa jina, ikitimiza miaka 72. Ile ya 1950, yenye watu milioni 151, ilifunguliwa tarehe 1 Aprili 2022. Hapa kwetu sensa ya kwanza iliyomhesabu Mwafrika nchi nzima ni ya 1948. Ile ya 2019 ilitengewa takriban shilingi bilioni 18.5 ili kuhesabu watu 47,564,296, yaani shilingi 389 kwa kila kichwa. Sheria ya Takwimu ya 2006 inalinda siri ya taarifa za mtu mmoja mmoja, na hilo ni jema. Lakini kwa mjukuu atakayeuliza mwaka 2091, zile 389 zilizotumika kwa ajili ya nyanya yake zitakuwa zimenunua tarakimu tu.

Sasa tuingie mfukoni. Cheti cha kuzaliwa au cha kifo kilikuwa shilingi 50 kwa miaka mingi. Mwaka 2024 kikapanda hadi 200, na kuandikisha kwa kuchelewa kukatoka 150 hadi 500. Kwa wazazi wawili wa msichana wetu na babu na nyanya wanne, vyeti sita kwa 200 ni 1,200. Na hapo ndipo vyeti vinapoishia. Safari ya Nairobi kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, lile jengo la Moi Avenue lililokuwa benki, ni kilomita karibu 380 kutoka Kitale. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi 3,000, malazi ya siku mbili 3,000, chakula na nakala 2,000. Jumla 8,000, na siku nne za kazi zimepotea. Kipimo cha DNA kinachouzwa dola 99 Marekani ni kama shilingi 12,800, kabla ya kukisafirisha. Kitamwambia kwamba asili yake ni Afrika Mashariki. Alilijua hilo kwa bure.

Kabla ya kukata tiketi ya Nairobi, aliye Bungoma aanzie Kakamega, kwenye tawi la hifadhi hiyo linalotunza nyaraka za Magharibi. Na ajue jina la wilaya anayoitafuta, maana hapo ndipo wengi hupotelea. Bungoma ilikuwa ndani ya North Kavirondo, ambayo baadaye iliitwa North Nyanza. Katika miaka ya 1950 ikamegwa Elgon Nyanza, na jina la Bungoma kama wilaya likaja na uhuru. Ukiagiza faili za "Bungoma 1930" utaletewa hewa. Wabukusu wenyewe kwenye makaratasi ya enzi hizo ni "Kitosh", jina walilobandikwa na wengine wala hawakulipenda.

Kuna kichekesho kidogo hapa. Miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Syracuse, katika jimbo la New York, kilipata mikrofilamu za sehemu kubwa ya nyaraka hizo: ripoti za kila mwaka za wilaya, ripoti za kukabidhiana ofisi, barua za makamishna. Kwa hiyo mwanafunzi wa Syracuse anaweza kusoma habari za North Kavirondo bila kutoka nje ya chuo chake, huku mwalimu wa Chwele akitakiwa kupanda magari mawili.

Wamarekani wengine waliacha karatasi karibu zaidi. Mwezi Agosti 1902 vijana watatu Waquaker, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi na kuanzisha misheni. Kazi yao ilisambaa hadi Lugulu, Bungoma, ambako mpaka leo kuna hospitali na shule za kanisa la Friends. Kwa msaka nasaba, hawa ni watu wa kipekee. Ushauri wa kawaida ni kwenda kuomba rajisi ya ubatizo, na kwa Wakatoliki ushauri huo una tija: mstari mmoja wa rajisi ya parokia hukupa mtoto, baba, mama na msimamizi. Lakini Waquaker hawabatizi kwa maji. Hawana rajisi hiyo. Walicho nacho ni kumbukumbu za mikutano: nani amepokewa, nani ameoana na nani, nani amehama na barua ya kumtambulisha, nani ameonywa kwa kuoa mke wa pili.

Kwao Marekani desturi hiyo imezaa hazina. Mwimbaji wa opera aitwaye William Wade Hinshaw aliacha jukwaa akaajiri watu wa kupekua kumbukumbu za mikutano ya Waquaker, na kuanzia 1936 zikatoka juzuu sita nene za nasaba zao. Mwenye babu Mquaker wa North Carolina anafungua kitabu tu. Kenya leo ina Waquaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na mkutano wao mkuu wa Afrika Mashariki ulisimama wenyewe mwaka 1946. Daftari za mikutano ya vijijini zipo. Zimo kwenye kabati za makarani wa kanisa, chini ya paa la mabati, zikigombaniwa na mchwa. Simu yoyote yenye kamera inaweza kupiga picha daftari la kurasa 200 kwa saa mbili. Hinshaw hakuwa na simu.

Chemchemi kubwa kuliko zote, hata hivyo, haitokani na kanisa wala mkoloni. Ni mirathi. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inamtaka anayeomba kusimamia mali ya marehemu amtaje kila mjane na kila mtoto. Marehemu akiwa na wake wengi, kifungu cha 40 kinaigawa mali kwa kufuata nyumba, na kila nyumba huhesabiwa kwa idadi ya watoto wake, mjane akiongezwa kama mtu mmoja. Kwa hiyo faili la mahakama ya Kitale kuhusu ekari 15 za mzee aliyenunua shamba kwa hisa miaka ya 1960 lina mti wa ukoo uliochorwa kwa kiapo, ukithibitishwa na barua ya chifu, na mara nyingi ukipingwa na ndugu wa mwombaji. Pingamizi ndiyo bora. Ndugu wakigombana, kila mmoja huleta ushahidi wa nani alizaliwa na nani.

Kabla mahakama haijatoa idhini, ombi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Tangazo lenyewe ni fupi: jina la marehemu, kijiji alichoishi, mahali na tarehe ya kifo, jina la mwombaji na uhusiano wao. Gazeti hili limetoka tangu 1899, na matoleo yake mengi yanasomeka kwenye intaneti bila malipo. Thamani yake ni kubwa kuliko kipimo chochote cha mate.

Tatizo ni kulitafuta. Mmarekani hutafuta kwa jina la ukoo linaloshuka kutoka baba hadi mwana. Mbukusu hupewa jina la msimu, la tukio, au la aliyefariki, na la babake humfuata kwa kizazi kimoja. Wekesa Simiyu humzaa Wafula Wekesa, naye akamzaa Simiyu Wafula. Ukiandika "Wafula" kwenye kisanduku cha kutafutia, utaletewa nusu ya kaunti. Kinachowatenganisha akina Wafula ni ukoo wa baba, ukoo wa mama na rika la tohara, na hakuna fomu ya serikali yenye nafasi ya mambo hayo matatu.

Rika ndiyo kalenda. Wabukusu hutahiri mwezi Agosti wa miaka shufwa, na marika manane huzunguka kwa takriban miaka 100 kabla jina kurudi. Banyange ni wa kati ya 1948 na 1958 hivi, Bamaina kati ya 1960 na 1970. Mzee akikwambia babake alikuwa Kinyikeu wa mwanzo, amekupa tarehe isiyokosea kwa zaidi ya miaka michache, sahihi kuliko ile "1 Januari" iliyojazwa ovyo kwenye vitambulisho. Na siku ya tatu baada ya kumzika mzee wa heshima, omuswala kumuse husimama katikati ya waombolezaji, hutembea akienda na kurudi, na kuhadithia koo, vita, wahamaji na waliotabiri. Manguliechi alipata sifa kubwa kwa kazi hiyo. Tanbihi moja: kumuse ni ya wanaume, kuhusu wanaume. Wale wanawake 12 wa msichana wetu hawamo humo pia. Wamo vichwani mwa nyanya, kwa sababu mtu hakubaliwi kuoa bila kujulikana ukoo wa mama.

Basi ingegharimu nini kurekodi vichwa hivyo? Sensa ya 2019 iliipa Bungoma watu 1,670,570 na Trans Nzoia 990,341, jumla 2,660,911. Chukua asilimia 5 kuwa wazee wa miaka 60 na zaidi, chini kidogo ya wastani wa taifa: wazee 133,000. Huna haja ya kumrekodi kila mmoja, kwa kuwa ndugu hushiriki mababu. Mmoja kati ya 20 ni wazee 6,650. Saa mbili kila mmoja ni saa 13,300. Sauti ya ubora wa kawaida huchukua karibu megabaiti 58 kwa saa mbili, hivyo mkusanyo wote ni gigabaiti 385, ambazo hazijazi hata nusu ya diski ya kawaida inayouzwa dukani. Nauli, sukari ya mzee na posho ya kijana wa kurekodi, tuseme 2,000 kila kikao: shilingi milioni 13.3.

Gharama kubwa inaanzia pale ambapo watu hudhani kazi imekwisha. Saa moja ya maneno huchukua saa tano kuandikwa na kukaguliwa. Saa 13,300 mara tano ni 66,500, ambazo kwa siku ya saa nane ni siku 8,300. Kwa 1,000 kwa siku ni milioni 8.3 nyingine, na kwa mtu mmoja ni miaka 33 ya kazi. Vijana 33 wangemaliza kwa mwaka. Jumla ya yote ni milioni 21.6. Mwaka wa fedha 2021/22 kaunti hizi mbili zilipata kutoka Hazina Kuu takriban bilioni 17.8. Milioni 21.6 ni senti 12 kwa kila shilingi 100.

Bila kungoja kaunti, msichana wetu mwenye shilingi 3,000 afanye hivi. Gazeti Rasmi limngojee, halizeeki. Kakamega nayo ingoje mwezi ujao. Aanze kwa nauli ya Kimilili, kwa nyanya aliyezaliwa 1941, na swali la kwanza lisiwe la babu. Amwulize nyanya huyo mama yake mzazi aliitwa nani, mama huyo aliolewa kutoka ukoo gani, na ni dada zake wangapi walioolewa Trans Nzoia. Kipande cha mume wa nyanya, kama kipo ndani ya sanduku, akipige picha pande zote mbili.